Shahada ya Sanaa Inalipa? Tumuulize Zora Neale Hurston

Wanachuo wenzangu, mwezi uliopita mdogo wangu wa kiume alinipigia simu saa 4 usiku. Amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL kama mimi, na dirisha la maombi ya vyuo linakaribia kufunguliwa. Mjomba amemwambia aachane na mambo ya shahada ya sanaa, aende akasome ufundi umeme, baada ya mwaka mmoja au miwili awe anashika hela yake. Mama hajatoa msimamo. Amesema tu kwamba ampigie dada yake kwanza, maana dada ndiye aliyeko chuoni na ndiye anayejua.

Sasa mimi ndiye ninayejua! Niko mwaka wa tatu, nasoma ualimu wa masomo ya sanaa, na siku bumu likichelewa nakula mara moja kwa siku kama wenzangu wote wa bweni letu. Nilimwambia mdogo wangu nitampigia kesho. Halafu nikachukua daftari, nikakaa kwenye kimbweta chini ya taa, nikaanza hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Nikijumlisha ada, pesa ya chakula na malazi, vitabu na fildi kwa miaka mitatu, mkopo wangu utafika kama shilingi milioni 10 na laki 8. Tuseme nimebahatika kupata ajira, na tuseme mshahara wa msingi ni laki 7. Makato ya mkopo ni 15% ya mshahara wa msingi, yaani 105,000 kila mwezi. Gawanya. Ni miezi 103, zaidi ya miaka 8 na nusu. Na hapo nimeanza na neno tuseme, kwa sababu wote tunawajua dada na kaka zetu waliomaliza na bado wako mtaani, wanajitolea shule za kata kwa posho ya nauli.

Nilipofika hapo nikaona mjomba ana hoja. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na mtu mwingine ambaye muhula uliopita nilimsoma kwenye kozi ya fasihi, na ambaye maisha yake yote yalikuwa hesabu ya namna hii. Ni Zora Neale Hurston, mwandishi Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1960. Nilirudi maktaba nikayasoma maisha yake upya, safari hii si kwa ajili ya mtihani. Nimeona nisibaki nayo peke yangu.

Zora alizaliwa tarehe 7 Januari 1891 katika kijiji cha Notasulga, jimbo la Alabama, mtoto wa tano kati ya wanane. Baba yake, John, alikuwa seremala na mhubiri wa Kibaptisti. Mama yake, Lucy, aliwahi kuwa mwalimu. Zora akiwa mdogo sana familia ilihamia Eatonville, Florida, mji mdogo uliokuwa umeandikishwa rasmi mwaka 1887 na kuongozwa na watu weusi wenyewe. Baba yake alifika kuwa meya wa mji huo. Kwa hiyo huyu mtoto alikua akiona watu wa rangi yake ndio wenye maduka, ndio wahubiri, ndio viongozi. Jioni alikuwa akisikiliza wazee wakipiga soga na kusimuliana hadithi kwenye baraza la duka la mji. Kumbuka baraza hilo, tutalirudia.

Mama yake alifariki mwaka 1904, Zora akiwa na miaka 13. Baba akaoa tena haraka, na Zora na mama wa kambo hawakuiva chungu kimoja. Alikuwa amepelekwa shule ya bweni mjini Jacksonville. Huko ada ikawa tatizo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alidaiwa mbele ya wenzake, akawa anasugua ngazi za shule na kusaidia jikoni ili kufidia deni. Mwisho wa mwaka baba hakutuma pesa, na aliwaambia wenye shule kwamba kama wanataka wamchukue wao wamlee. Msomaji, kama uliwahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, unajua jinsi mtu anavyokusanya madaftari yake huku darasa zima likijifanya halioni.

Baada ya hapo ilifuata zaidi ya miaka kumi ya kutangatanga. Alikaa kwa ndugu huyu na yule, akafanya kazi za ndani katika nyumba za wazungu, akafukuzwa nyingine na nyingine akaziacha. Kisha akapata kazi ya kumhudumia mwimbaji mmoja wa kundi la maigizo na nyimbo lililokuwa likizunguka miji. Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Baltimore, jimbo la Maryland.

Mwaka 1917 Zora alikuwa na miaka 26 na hakuwa na cheti cha sekondari. Maryland ilikuwa na shule za bure kwa vijana weusi, lakini kwa walio na miaka isiyozidi 20. Alichofanya ni kupunguza umri wake kwa miaka 10. Akasema amezaliwa 1901, akawa na miaka 16, akaingia darasani. Sisemi mtu akaghushi cheti cha kuzaliwa. Nasema tu kwamba huyu mwanamke hakuwa na njia nyingine ya kusoma bila kulipa, na uongo huo aliendelea nao mpaka kaburini.

Alisoma Morgan Academy, huku akikaa na kufanya kazi katika nyumba ya mmoja wa wahusika wa shule. Alimaliza 1918, akaenda Washington kujiunga na Chuo Kikuu cha Howard, chuo kikubwa cha watu weusi wakati ule. Alianzia madarasa ya maandalizi. Ada alijilipia mwenyewe. Kwanza alihudumia mezani katika klabu moja ya wanaume wakubwa wa mji, kisha akapata kazi ya kusafisha na kung'arisha kucha katika kinyozi. Ratiba yake ilikuwa mchana darasani, na kuanzia alasiri mpaka usiku amekaa kwenye kistuli, ameshika mikono ya wabunge, wenye benki na waandishi wa magazeti.

Hapo kinyozi kuna kisa ambacho yeye mwenyewe amekiandika, na mimi kimenisumbua kuliko vyote. Mwenye kinyozi alikuwa mtu mweusi na wafanyakazi wote walikuwa weusi, lakini wateja walikuwa wazungu tu. Siku moja akaingia mtu mweusi akataka kunyolewa. Wafanyakazi wakamtoa nje kwa nguvu, na Zora naye moyoni alitaka atolewe, kwa sababu kama wateja wazungu wangekimbia, mkate wa wote ungeondoka. Baadaye ndipo alipotambua kwamba siku ile alikuwa ameunga mkono ubaguzi uleule uliokuwa ukimkandamiza yeye, kwa ajili ya pesa ya ada na kodi ya chumba. Nimekaa nikijiuliza ni mambo gani tunayoyameza hapa chuoni kwa sababu tunaogopa kukosa pesa ya muhula.

Mwaka 1920 Zora alipata shahada yake ya kwanza, ile ndogo ya miaka miwili ambayo Wamarekani wanayo mpaka leo, na ambayo kwa mizani yetu inakaribiana na stashahada. Masomo yake yalikuwa ya sanaa. Je, shahada hiyo ilimwongezea mshahara? Sijaona popote kwamba ilimwongezea. Aliipata, na baada ya kuipata aliendelea kusafisha kucha. Alibaki Howard akisoma masomo zaidi kwa vipande, muhula huu yupo, ule hayupo, kutegemea mfuko na afya. Mwaka 1924 akaondoka bila kufika mwisho, maana pesa iliisha.

Mjomba angeishia hapo, aseme mmeona. Miaka saba tangu arudi darasani, na mkononi ana karatasi ya miaka miwili na kazi ileile ya kucha.

Lakini kuna jambo jingine lililotokea Howard ambalo halikuwa kwenye karatasi. Alijiunga na kundi la wanafunzi waandishi, na mwaka 1921 hadithi yake fupi ya kwanza ikatoka katika jarida la kundi hilo, The Stylus. Mwaka 1924 yeye na mwenzake Louis Eugene King wakaanzisha gazeti la wanafunzi, The Hilltop, ambalo lipo hadi leo. Wenzangu wa jarida hili, nawaomba msome sentensi hiyo mara mbili. Kupitia kundi lile mwalimu wake Alain Locke aliona kalamu yake, akamtaja kwa Charles S. Johnson, mhariri wa jarida la Opportunity huko New York. Johnson alichapisha hadithi zake na kumtia moyo ahamie mjini.

Januari 1925 Zora alifika New York akiwa na dola 1 na senti 50. Hakuwa na kazi wala mwenyeji. Mwezi Mei mwaka huohuo jarida la Opportunity liliandaa hafla ya zawadi za uandishi, na Zora akapata zawadi ya pili kwa hadithi fupi na pia kwa tamthilia. Kwenye hafla hiyo alikutana na Annie Nathan Meyer, mmoja wa waanzilishi wa Chuo cha Barnard, na mwandishi tajiri Fannie Hurst. Meyer akamfungulia mlango wa Barnard na kumtafutia ufadhili. Alipoingia msimu wa vuli 1925 alikuwa mwanafunzi mweusi peke yake katika chuo kizima. Ufadhili haukutosha, kwa hiyo Hurst akampa kazi ya ukarani. Hurst mwenyewe aliandika baadaye kwamba Zora hakuwa karani hodari hata kidogo, hati yake haikusomeka. Alimweka kwa kuwa alipenda kuwa naye, akamfanya dereva.

Barnard ndiko alikokutana na anthropolojia na Profesa Franz Boas. Hapo lile baraza la duka la Eatonville likageuka kuwa somo. Hadithi za wazee, vitendawili, nyimbo za kazini, dawa za miti, yote aliyoyasikia utotoni bure, sasa kuna mtu anasema yakusanywe na yaandikwe. Mwaka 1927 alipewa dola 1,400 za utafiti akaenda Florida. Mwaka 1928 akapata shahada kamili. Alikuwa na miaka 37, ingawa wenzake walidhani ni 27.

Sasa tuingie kwenye deni. Enzi zake hakukuwa na mkopo wa serikali kwa wanafunzi kama tunaoujua. Marekani ilianzisha mikopo hiyo kwa sheria ya mwaka 1958, Zora akiwa na umri wa miaka 67 na mgonjwa. Kwa hiyo yeye hakukatwa 15% ya chochote. Alidaiwa kwa namna nyingine.

Desemba 1927 alisaini mkataba na mjane tajiri wa New York, Charlotte Osgood Mason, ambaye pia alikuwa akimfadhili mshairi Langston Hughes. Mama Mason angempa dola 200 kila mwezi, gari na kamera, azunguke kusini kukusanya fasihi simulizi. Kwa wakati ule hizo ni pesa nzuri sana. Ila mkataba ulisema kwamba yote atakayoyakusanya ni mali ya Mason, na Zora hana ruhusa ya kuyachapisha wala kuyaonyesha mpaka mama huyo akubali. Hadithi za baraza la Eatonville, alizozisikia kwa masikio yake, zikawa za mtu mwingine kisheria.

Zaidi ya hapo alitakiwa kutoa hesabu ya kila senti, mpaka vitu vidogo vya matumizi ya mwanamke. Kuna wakati alilazimika kumwandikia mfadhili wake kuomba pesa ya jozi moja ya viatu, kwa kuwa alivyokuwa navyo vilikuwa vimetoboka. Mwanamke mwenye shahada, mtafiti, amepita miaka 40, anaandika barua ya kuomba viatu. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Mkataba ulikwisha mwaka 1931, msaada mdogo ukaendelea kidogo, kisha ukakoma. Zora akarudi Florida, mjini Sanford, akapanga kijumba cha dola 1 na senti 50 kwa wiki na kuandika riwaya yake ya kwanza, Jonah's Gourd Vine. Alipomaliza hakuwa na pesa ya stempu ya kuituma, akakopa. Tarehe 16 Oktoba 1933 mwenye nyumba alimtoa nje kwa deni la kodi la dola 18. Siku hiyohiyo ikaja simu ya maandishi kutoka kwa wachapishaji wa Lippincott: riwaya imekubaliwa, na malipo ya awali ni dola 200. Riwaya ikatoka 1934. Mwaka 1935 kikafuata Mules and Men, kitabu cha zile hadithi za kusini.

Mwaka huohuo alijaribu shahada ya uzamivu Columbia. Mfuko wa Rosenwald ulikuwa umeahidi dola 3,000. Baadaye wakabadili mpango wakabakiza dola 700. Alikata tamaa, akaacha kuhudhuria vipindi, na uzamivu ukaishia hapo. Bahati nzuri mwaka 1936 na 1937 alipata ufadhili wa Guggenheim, akaenda Jamaika na Haiti. Akiwa Haiti aliandika kwa wiki saba riwaya ya Their Eyes Were Watching God, ambayo ilichapishwa 1937. Ndiyo inayosomwa leo katika madarasa ya fasihi dunia nzima, ikiwemo kozi yetu.

Unaweza kudhani hapo maisha yalinyooka. Hayakunyooka. Aliandika riwaya nne na vitabu vingine vitatu vilivyotoka akiwa hai, pamoja na makala na hadithi nyingi. Wasimulizi wa maisha yake wanasema malipo makubwa kuliko yote aliyowahi kupata kwa kitabu kimoja yalikuwa dola 943 na senti 75. Kuna mwalimu wa shule aliyepata zaidi ya hizo kwa mwaka mmoja tu, bila hata kuandika barua.

Na hapa nitamtendea haki mjomba. Zora alipewa nafasi za kufundisha. Mwaka 1934 alikuwa Bethune-Cookman huko Florida, na 1939 chuo cha watu weusi cha North Carolina. Zote aliziacha baada ya muda mfupi, aligombana na wakubwa, alitaka uhuru wa kuandika. Kwa hiyo si kila shida yake ilitoka kwa ubaguzi au kwa wafadhili. Nyingine aliichagua. Mtu anayeukataa mshahara wa uhakika ili aandike ana sababu zake, ila mwenye nyumba naye mwisho wa mwezi atabisha hodi.

Mwaka 1948 alizushiwa kesi chafu ya uongo inayohusu mtoto. Ilithibitika kwamba wakati unaotajwa hakuwa hata nchini, na kesi ikafutwa mwaka uliofuata, lakini magazeti yalikuwa yameshaandika na moyo ulikuwa umevunjika. Mwaka 1950, mjini Miami, alikuwa akifanya kazi za ndani katika nyumba ya matajiri. Mama mwenye nyumba alifungua gazeti maarufu la Saturday Evening Post akakuta hadithi iliyoandikwa na dada wake wa kazi. Habari ikatoka magazetini. Zora alidai alikuwa akipumzisha akili na kukusanya mambo ya kuandika. Ukweli ni kwamba hakuwa na pesa. Alikuwa na miaka 59, ana shahada, ana vitabu saba, na amerudi palepale alipoanzia akiwa binti.

Mwaka 1956 alipata kazi ya maktaba katika kambi ya jeshi la anga la Patrick, Florida. Mwaka 1957 akaachishwa, na sababu iliyotajwa ni kwamba elimu yake imezidi kazi. Jamani! Miaka 40 nyuma hakuwa na elimu ya kutosha kupata kazi nzuri, sasa anayo nyingi mno kupanga vitabu. Alihamia Fort Pierce, akaandikia gazeti la mtaa, na 1958 akafundisha kwa muda kama mwalimu wa kujaza nafasi katika shule ya Lincoln Park Academy. Mwaka 1959 alipata kiharusi, akaingizwa katika nyumba ya wazee maskini ya wilaya. Alifariki tarehe 28 Januari 1960. Mazishi yalikuwa ya mchango, kama tunavyopitisha daftari msibani, na kaburi halikuwekwa alama. Karatasi zake zilikuwa zinachomwa moto ili kusafisha nyumba, mpaka askari mmoja aliyemfahamu alipopita, akaona moshi, akauzima.

Mwaka 1973 mwandishi kijana Alice Walker alikwenda Fort Pierce, akatafuta kaburi kwenye majani marefu, akaweka jiwe kwa pesa yake. Miaka miwili baadaye akaandika makala kuhusu safari hiyo, na vitabu vya Zora vikaanza kuchapishwa upya. Their Eyes Were Watching God imeuza zaidi ya nakala milioni moja, na yeye hakupata hata senti ya hizo. Kwenye jiwe la kaburi mwaka wa kuzaliwa umechongwa 1901. Ni ule uongo wa Baltimore, aliousema ili asome bure.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu na daftari langu.

Ukimuuliza mjomba kwa Zora shahada ya sanaa ililipa, atasema haikulipa, na kwa hesabu ya dola yuko sahihi. Ile ya miaka miwili haikumpa kitu kwenye mfuko. Ile kamili ilimpa ufadhili wa hapa na pale. Mfundi umeme wa Fort Pierce huenda alifariki akiwa na nyumba yake.

Ila nilipoisoma vizuri naona vitu vitatu ambavyo mjomba hajaviweka kwenye mizani. Cha kwanza, kilichomvusha Zora kutoka kwenye kistuli cha kucha hakikuwa karatasi. Kilikuwa jarida la wanafunzi, mwalimu aliyemsoma na mhariri aliyepewa jina lake. Tunaokuja chuoni kuchukua karatasi tu, tunadesa, tunakimbia sapu na kurudi bwenini, tunalipia milioni 10 kwa sehemu ile ambayo kwa Zora haikulipa. Nasema hivi huku nikijua kwamba pia alikuwa na bahati. Walikuwepo wengine Howard walioandika vizuri na hawakupata Locke wa kuwataja.

Cha pili, madeni hayafanani. Mkopo wetu unauma, lakini una namba, una makato yanayojulikana, na una siku ya mwisho. Aliyenikopesha hadai insha zangu wala mashairi yangu, na siku nikimaliza miezi 103 tumeachana. Deni la Mama Mason halikuwa na riba wala tarehe, ila lilichukua kazi yenyewe. Wenzangu wanaosaini mikataba ya kuandika, kuimba au kutengeneza video kabla hata hawajamaliza chuo, someni mnachosaini. Hapo ndipo Zora alipopoteza zaidi kuliko kwenye ada.

Cha tatu, ufundi na shahada si maadui. Zora alisomeshwa na kucha. Asingejua kazi ya mikono asingefika hata mwaka wa kwanza. Kilichonisikitisha ni kwamba uzeeni hakuwa na kazi ya uhakika ya kumshika, ya mikono wala ya darasani.

Kesho yake nilimpigia mdogo wangu. Sikumwambia afuate ndoto zake, maana ndoto hailipi kodi ya chumba. Nilimsomea hesabu yangu yote, miezi 103 na neno tuseme. Nilimweleza habari za Zora mpaka salio la simu likakata, akanipigia yeye. Kisha nikamwambia nisichojutia: nikimaliza mazoezi ya kufundisha na mtoto wa kidato cha pili akaniletea shairi lake mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, kama ilivyotokea mwaka jana, deni langu naliona halali. Hilo ni langu, yeye si lazima alione hivyo.

Tumekubaliana hivi. Miezi hii kabla vyuo havijafungua, ataenda kwa fundi wa mtaani kwetu kujifunza kutandaza nyaya. Dirisha la maombi likifunguliwa, tutajaza pamoja, shahada ya ualimu chaguo la kwanza na chuo cha ufundi pembeni kama mkopo hautatoka. Mjomba ameridhika nusu. Mama aliuliza swali moja tu, kwamba ile 105,000 ikishakatwa kwenye mshahara wangu, inabaki ngapi ya kumtumia yeye. Nikamwambia nitaipigia hesabu na hiyo pia.